Kitanda cha Katikati

Nyumba yao ya Elkhart, Marekani, ilikuwa imeshakabidhiwa kwa wengine na pikapu imejaa mizigo. Kilichobaki ni kuchagua trela ya kuishi barabarani, Delbert na mkewe, wao wawili.

"Hii hapa!" alisema Delbert. "Meza kubwa, kitanda kimesukumwa ukutani."

"Kwanza tuigize usiku," mkewe akajibu huku akivua viatu, kama wafanyavyo wanunuzi wote pale kwenye uwanja wa kuuzia trela. "Mzee, lala kule ukutani. Haya, mkojo umekubana. Amka."

Mkewe alijilaza upande wa nje, na Delbert akaanza kumvuka. Katikati nyonga ikagoma, akabaki juu ya mkewe kama shuka lililoanikwa, goti hewani. Muuzaji alikuwa mlangoni, anatazama.

Mkewe hakucheka. Alimshika kiuno, akamgeuzia muuzaji kichwa. "Bwana we, kibofu changu hakina adabu, nitamkanyaga mzee wa watu kila usiku. Tupe ile yenye kitanda katikati, kila mtu ashukie upande wake."

Delbert alimtazama. Mwanamke yule akilala ni gogo, hata radi haimwamshi.

Walichukua ya kitanda katikati, yenye meza ya kutosha vikombe viwili. Waliivuta miaka minane. Delbert alizikwa Arizona. Mkewe bado anaivuta, na bado analala upande wake ule ule, wa Delbert ameuacha wazi.