Tundu la Buluu

Kwenye visikilizio vya Nokwazi, DJ wa harusi, sauti ya marehemu baba wa bwana harusi ilikatika tena. Video ilikuwa nzito mno kwa tundu la polepole la kompyuta alimochomeka diski.

Nje, gari la bwana harusi lilikuwa limeshaingia getini.

"Uliniahidi, mwanangu," mama wa bwana harusi alimwambia. Marehemu mumewe aliirekodi video hiyo hospitalini, akimwita mwanawe kwa majina ya sifa ya ukoo, ili kijana aingie ukumbini huku ikichezwa.

"Itacheza, Mama."

Tundu la kasi, lenye ulimi wa buluu, lilishikwa na waya wa mashine ya muziki. Angeuchomoa, muziki ungekatika na kompyuta ingeweza kuganda, na mtaa mzima wa Umlazi ulikuwa unacheza.

Milango ikafunguliwa. Nokwazi akauchomoa.

Kimya.

"We DJ, umelala?" mtu akafoka. Miluzi ikafuata. Vidole vilivyolowa jasho viliteleza mara mbili kabla diski haijaingia penye buluu na waya kuhamia pembeni. Bwana harusi alisimama mlangoni, ameduwaa.

Ndipo video ikawaka ukutani, akatokea mzee, baba yake, kitandani. Akakohoa, akavuta pumzi, akaita jina la kwanza bila kukatika.

Bwana harusi akavua kofia.