Kidole Kimekataa

Barua ya kumfukuza kazi mama aliyesimama mbele ya meza ilisubiri sahihi tu ya Madinah, ofisa utumishi wa kiwanda cha sabuni hapa Mbale. Kwa mujibu wa mashine ya alama za vidole, mama hakuonekana kazini siku kumi na tisa.

“Madam, mimi nakuja kila siku. Naweka kidole, inakataa tu.”

Madinah akamshika mkono. Magadi ya kupikia sabuni yalikuwa yamezilamba ncha za vidole, zikawa laini kama kipande cha sabuni, bila mstari hata mmoja.

Mashine aliileta Madinah mwenyewe. Ndiyo iliyompandisha cheo. Jumatatu angehamia makao makuu, Jinja, aifunge mashine hiyo katika viwanda vyote vya kampuni.

Barua nyingine kumi na moja kama hiyo alikwishazitia sahihi asubuhi, bila kushika mkono wa mtu.