Shuka ya Shomari

Kwa sheria, nguo iliyozidi miaka mitano hurudishwa kiwandani ikayeyushwe na kufumwa upya. Kipande kisichozidi kiganja hakihesabiwi kuwa nguo. Ndiyo maana mume wangu Shomari alipofariki, niliyakata mashati yake ya zamani na kikoi chake cha kijani vipande vya kiganja, kisha mimi na dada yake, Mwanamkuu, tukaviunga kuwa shuka. Nikijifunika hiyo, napata usingizi.

Kila mkaguzi wa nguo anapokaribia mtaa wetu, tunaifumua. Akishapita, tunaishona tena.

Jana Mwanamkuu alishika kipande cha kikoi akakigeuzageuza.

“Wifi, unakula vitambaa? Hiki kilikuwa kikubwa.”

“Kila tukifumua kinachanika pembeni. Inabidi nipunguze.”

“Mkono wako mzito tangu uolewe. Kaka alivumilia mengi.”

Tulicheka. Kisha akakilaza kiganjani mwangu. Hakikufika kwenye vidole.

“Safari hii tusishone,” alisema. “Tuviweke tu kwenye kopo, vibaki.”

“Kopo halinifuniki, wifi.”

Akatunga uzi kwenye sindano. Jioni tulipomaliza nilijilaza, akanifunika mwenyewe. Shuka iliishia magotini.