Uso Kwenye Ukuta wa Bustani

Siku ya tatu yalitokea macho, na Bi Shamsia akasimama katikati ya njia kama aliyeitwa kwa jina.

Jumatatu ukuta wa stoo ya bustani ulikuwa na chokaa tupu. Jumanne mchoraji aliweka mtandio wa kijani na nywele zilizochungulia pembeni. Leo yalikuwa macho makubwa, la kulia limelegea kidogo kuliko la kushoto. Jicho hilo alilijua. Alilizaa yeye.

"Asia," alisema, na kikapu kikamtoka mkononi.

Sabasaba ya mwaka 1976 ilikuwa inakaribia, na wakubwa wa wilaya walitaka mji wa Kasulu upendeze. Bustani ilikuwa na majengo matatu, choo, stoo na banda la kupumzikia, yote yamekaa kama yalivyojengwa, bila hata doa la rangi. Wakamleta mkimbizi mmoja kutoka Burundi, Reverien, aliyejifunza kazi kwa kupamba makanisa ya kwao. Bandani alichora migomba na ng'ombe wa pembe ndefu. Chooni akachora samaki. Kwenye stoo, ambako aliambiwa achague mwenyewe, akaanza uso wa mwanamke.

Asia alikuwa na miaka kumi na tisa alipopelekwa Kibondo kufundisha kisomo cha watu wazima. Hakumaliza mwaka. Baba yake, mzee Tamimu, alikwenda kumtazama, akarudi na sanduku la bati la Asia na macho mekundu. Ni mto Malagarasi uliomchukua, alisema. Wameshamzika huko huko. Hitima ikasomwa, watu wakala wali, wakaondoka. Siku hiyo Bi Shamsia alikigeuza kioo cha chumbani kikatazama ukuta, na kwa miaka mitatu hakukigeuza tena. Kaburi hakuliona. Kila alipoomba apelekwe, mumewe alimwambia barabara imeharibika.

Jioni ile alimkuta Tamimu dukani akipima sukari.

"Baba Asia, umeuona ukuta wa bustani?"

"Nimeuona."

"Ni yeye."

Sukari ikamwagika mezani. Tamimu aliikusanya kwa kiganja, polepole, punje kwa punje. "Usipite tena pale," alisema.

Yeye mwenyewe akaanza kwenda msikitini kwa njia ya nyuma. Ijumaa alipeleka malalamiko kwa wakubwa: picha ya mtu hadharani ni makosa, waumini wanaudhika. Akaahidiwa kwamba Jumatatu ukuta ungepakwa chokaa upya.

Bi Shamsia alipita vilevile. Angewezaje asipite? Na kila alipopita, ule uso ulikuwa umezeeka. Alhamisi mikunjo miwili ilishuka pembeni mwa mdomo. Ijumaa mvi zilitokea chini ya mtandio.

Hilo ndilo lililomtia baridi. Marehemu wa miaka kumi na tisa mvi amezitoa wapi? Akimwaza mwanawe, alimwona akizeeka peke yake chini ya udongo wa Kibondo, hana wa kumsuka wala kumpa maji. Akisujudu, uso ulikuwa kwenye mkeka. Akifunua chungu, ulikuwa kwenye mvuke.

Alimwomba jirani yake, Siti, waende wote, ahakikishe kwamba si wazimu. Siti aliutazama ukuta. Akamtazama Bi Shamsia. Akautazama tena ukuta.

"Twende nyumbani, shoga," alisema, akamshika mkono wakaondoka.

Jumamosi Bi Shamsia alikwenda peke yake, amejitanda kanga mpaka puani. Mchoraji alikuwa juu ya ngazi, amempa mgongo, anamalizia mdomo wa chini. Karatasi yenye mistari ya penseli ilikuwa imebanwa kwenye ngazi, naye aliitazama kila baada ya mpako mmoja.

"Kijana, huyu ulimwona wapi?"

"Sijamwona, mama." Hakugeuka. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kirundi. "Sikupata bahati hiyo."

"Sasa unamchoraje mtu hujamwona?"

"Kwa msaada wa mke wangu. Alikaa mbele yangu kule Kibondo, nikamchora yeye, halafu akaniambia, hapa ongeza mkunjo, hapa weka mvi. Anasema sura yake na ya huyu ilikuwa moja."

Bi Shamsia aliushika mguu wa ngazi. "Mke wako mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Alinifundisha kusoma Kiswahili kwenye darasa la watu wazima, nikampenda na ubao wake." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Baba yake hakutaka mkimbizi, tena Mkristo. Alikuja mara moja tu, mimi nikiwa shambani. Akamwambia mama yako amekufa kwa uchungu, umemuua wewe, usikanyage tena Kasulu. Hata kaburi hakumwonyesha. Basi yule analia kila siku, mama. Nilipopata kazi hii akaniambia, mweke mama yangu kwenye bustani, alikuwa akipita pale kwenda sokoni."

Bi Shamsia alilitazama lile jicho lililolegea, akaligusa la kwake.

Reverien alichovya brashi nyembamba kwenye rangi nyeusi, akainama kuuelekea mwisho wa ukuta, chini ya shingo ya picha.

"Limebaki jina, ndiyo nimalize," alisema. "Lakini kuandika Kiswahili bado kunanishinda. Hebu nisaidie, mama. Marehemu Shamsia, inaanza kwa 'sh' au kwa 'ch'?"