Mchawi Hajalala

"Natia moto!" alipiga kelele Hasan, na papo hapo bakora ya Bi Mwanakheir ikagonga juu ya dari.

Wakil alinong'ona, "Keshaanza."

Talib aliyasikitikia madadu yaliyolala mezani. Kila Jumapili baada ya alasiri walikutana chumbani kwake Malindi, chini ya ghorofa ya mwenye nyumba, kucheza mchezo wao wa hadithi na madadu: Hasan mchawi, Wakil shujaa, naye Talib msimulizi wa kuwapitisha mapangoni. Kwa kina Hasan dadu ni kamari tu. Kwa kina Wakil hata pa kukaa hapana. Bi Mwanakheir akiwafukuza, basi tena. Na Talib, ambaye ndugu zake wote wako Maskati, hana sauti nyingine inayoingia chumba kile wiki nzima.

Kanuni za sihiri katika mchezo ni ngumu. Mchawi awe na mkono mmoja mtupu, na akishatia moto hawezi kuurudia mpaka alale. Talib, hadithi ikimnogea, huwasamehe.

Ajabu ya bibi, wakipigana na majitu hadi meza inatikisika, hagongi. Ni sihiri tu inayomuudhi, tena si kila mara. Wiki iliyopita Hasan alitia sihiri huku kashika ngao na upanga, bakora ikalia. Jioni yake Talib akakutana na bibi ngazini.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Talib mwanangu, hiyo sihiri yenu nnaisikia neno kwa neno, na..."

"Tutapunguza sauti, Bi," alimkatiza, akateremka mbio.

Leo moto wa kwanza, mlangoni mwa pango, haukugongewa; sasa joka lilikuwa karibu kuwameza wote. "Haya, moto umelipata," alisema Talib. Bakora ikagonga tena, na safari hii haikukoma. Wakil akatafuta makubadhi yake. Hasan akamfuata bila ya kuaga.

Talib alibaki peke yake na viti viwili vitupu. Ilimuuma, lakini heri auache mchezo mwenyewe kuliko kutolewa vyombo nje. Akapanda ngazi.

Mlango ulikuwa wazi. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya ukumbi mkubwa, palepale juu ya meza yao, bakora mapajani, kahawa yake imepoa. Hapakuwa na mtu mwengine.

"Bi, niwie radhi. Mchezo nshauacha. Hutosikia sihiri tena."

Bibi alinywea.

"Unauacha, na joka liko hai?" alisema. "Hasan katia moto mlangoni mwa pango, hajalala, katia tena. Na wewe unamwachia!"

Bibi akaingiza mkono chini ya mto, akatoa dadu moja jipya, akalifuta kwa ncha ya kanga.

"Mchawi wangu mimi kalala tangu Ramadhani," alisema. "Zamu yake lini?"