Shimo la Rubisi

Tuta lilikuwa refu kama mtu aliyelala.

Mwesiga alizima pikipiki, akabaki analitazama. Udongo mbichi na majani makavu ya mgomba juu yake, katikati ya kibanja cha shemeji yake hapa Maruku. Kule Bukoba mjini kila kitu kwake kilikuwa cha kutisha: viatu vya kutisha, goli la kutisha, hata pilau. Leo neno lilimkaukia mdomoni.

Dada yake Klaudia hapokei simu tangu Jumapili, na leo ni Ijumaa. Na wakati wa Pasaka alirudi kwao Rubya bila jino la mbele.

Byabato, mume wa Klaudia, alitokea nyuma ya nyumba anajifuta mikono.

"Shemeji. Hata hodi huna?"

"Klaudia yuko wapi?"

"Kisiwani Bumbire, kwa shangazi yangu. Kule mtandao wa kubahatisha."

"Kandambili zake ziko mlangoni."

"Kwani ana miguu mingapi? Kavaa viatu."

"Hapo umefukia nini?"

Byabato akacheka. "Ndizi za pombe, za rubisi. Zimo toka Jumapili. Mjini mmesahau mpaka shimo la kuivishia?"

"Fukua."

"Joto likitoka haziivi, bwana."

"Fukua, au nafukua mwenyewe."

Byabato akachukua jembe, taratibu. Mwesiga alishika spana nyuma ya mgongo. Udongo ukaondoka, majani yakaondoka. Macho yake yalitafuta kitenge, nywele, mkono.

Ndizi. Akavuta chana moja, akavuta na ya pili. Ndizi tu.

Mwesiga akacheka mpaka akakohoa.

"Nisamehe, shemeji."

"Unatisha wewe."

"Hizi mbili nampelekea Maawe, mkweo. Akiziona ndiyo atalala."

Byabato alishaanza kurudishia udongo. "Chukua."

Mwesiga alijipangusa vidole kwenye suruali, vikanata. Akazifunga ndizi nyuma ya pikipiki, akaondoka. Kufika barabara kubwa akasimama, akampigia mama yake.

"Maawe, nimefukua. Ni ndizi tu, zimo shimoni toka Jumapili. Nakuletea."

Mama alishusha pumzi ndefu. "Mungu ni mwema. Zimeiva vizuri?"

Mwesiga aligeuka aziangalie.

Zilikuwa kijani tupu, na pale zilipokatwa utomvu ulikuwa bado unachuruzika.