Kaka Mkubwa Akataa Sindano

"Hapana. Asichomwe," kaka mkubwa alisema.

Walikuwa wanne katika chumba kile kidogo cha wodini: daktari, muuguzi, kaka mkubwa na dada yake, kitindamimba wa nyumba. Ng'ambo ya ukuta alilala baba yao, saratani ya koo imeshamla sauti, amebaki kufinyanga shuka kwa vidole.

Daktari akarudia kwa upole. Kupona hakupo tena. Kilichobaki ni kumpunguzia mateso: achomwe mofini, apumzike, aende salama.

"Akichomwa atatujua?" kaka aliuliza.

"Atasinzia muda mwingi."

"Asipochomwa?"

"Akili itabaki timamu. Na maumivu yatabaki."

"Basi abaki hivyo hivyo. Na mpira wa chakula msiutoe."

Dada akashindwa kujizuia. "Kaka, huoni anavyolia? Jana kaning'ang'ania mkono, ananiomba kwa macho!"

"Sema tu umechoka kumuuguza. Mimi sijachoka. Nitakaa naye mwenyewe."

Neno lile lilimchoma, maana ni kweli alikuwa amechoka. Na kaka, aliyeihama nyumba yao tangu ujana, alikuwa ameacha kazi zake akaja kulala kwenye kiti kigumu kando ya kitanda, akimfuta mzee jasho na makohozi bila kukunja uso.

Muuguzi alipangusa machozi. "Mzee huyu amezaa," alinong'ona. Daktari akashusha pumzi. Msemaji wa familia ni mkubwa, na mkubwa ameshakataa.

Dada alitoka akasimama kwenye korido, akalia mpaka kwikwi zikamwisha. Aibu ilimjaa. Mama yao alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Hajui mzazi mwingine ila huyu, na leo kaka ndiye amempigania. Akanawa uso, akaenda kumwomba kaka yake radhi.

Alisukuma mlango taratibu. Kaka alikuwa amemwinamia baba, mdomo sikioni, mkono ukimpapasa kichwa kama mtu anayembembeleza mtoto. Dada akasita, asiwakatishe.

"Mama alikulilia umpeleke hospitali," kaka alikuwa akisema. "Ukamfungia chumbani kwa kufuli, ukaniambia atanyamaza tu. Alichelewa sana kunyamaza, baba. Na mimi sina haraka."